Mlango Ule Ule, Kufuli Lile Lile

Melini, 4 Februari

Mdogo wangu Kidoti,

Salamu nitaziweka mwishoni, zikibaki.

Unanijua, mimi si mtu wa hasira. Nimetukanwa kwa lugha ambazo hata majina yake siyajui. Nahodha aliwahi kunirushia sahani ya wali kwa sababu ya chumvi, nikacheka, nikampikia mwingine, akala akaomba msamaha. Bandari zote nilizopita, na nimepita nyingi kuliko huyo nahodha ingawa yeye ndiye mwenye kofia, wananijua kwa kicheko. Leo nimeunguza maharage ya meli nzima, na sijaomba radhi kwa mtu.

Kisa ni hiki. Tuna fundi mitambo mpya. Likizo yake kaimalizia kwetu, mjini kwetu hasa, akizunguka na mkoba mgongoni. Jana akaja jikoni na simu yake. "Kapteni wa Jikoni," akaniambia, "njoo uone nyumbani kwenu palivyochangamka." Nikajifuta mikono. Nilidhani nitaona soko, au uwanja wa mpira umewekwa nyasi.

Nikaona geti la kiwanda cha mashati. Limepakwa rangi mpya. Juu yake kibao kikubwa: ZIARA YA MOTO. MLANGO ULE ULE, KUFULI LILE LILE, UFUNGUO ULE ULE. Watu wamepanga foleni na kofia za jua na chupa za maji. Baba mmoja kambeba mtoto mabegani, mtoto analamba aiskrimu. Wanaingizwa ukumbi wa cherehani, pale pale walipoteketea wale kina mama, shangazi wa rafiki zangu, mama wa yule msichana niliyekuwa nikimpigia mluzi. Halafu anatokea mlinzi. Koti refu la kaki, kofia, filimbi shingoni. Anasimama mlangoni kama Baba alivyokuwa akisimama, mguu mmoja mbele kidogo, kana kwamba anamsubiri mtu amdai heshima. Nikasema moyoni, huyu mwigizaji kamwiga mzee wetu sawasawa, nitamtafuta nimvunje taya.

Anafunga mlango kwa nje. Kufuli linalia kile kilio chake. Ndani mashine inatoa moshi, spika zinatoa vilio, na wale wageni nao wanapiga kelele za kuchekelea kama watu waliopanda bembea. Baadaye mlinzi anafungua, wanatoka wanapiga makofi, mlinzi anavua kofia na kuinama.

Chini ya kofia nikaona shavu. Juu ya shavu, kidoti.

Kidoti, nieleze. Baba yetu alifia gerezani kwa mlango huo. Mahakama ilisema alifunga, akakimbia, akautupa ufunguo mtoni, na Meneja akaapa kwamba alimwona darajani kwa macho yake. Mji mzima ukatuita watoto wa Mkimbiaji. Leo wewe unavaa koti lake na kumfungia watu mlango ili wapige picha? Mimi niliishia darasa la saba, lakini dunia imenisomesha, na mahali popote sijaona mtu akimuuza mzazi wake rejareja.

Simu yako haipatikani. Nijibu.

Salamu hazikubaki.

Kaka yako mkubwa,
Kapteni wa Jikoni


Nyumbani, 19 Februari

Shikamoo Kaka, ingawa barua yako haikustahili hata salamu ya mkono.

Simu yangu inapatikana kwa watu wote isipokuwa wewe. Nimekuzuia, kwa sababu ukipiga huachi mtu aseme. Kwenye barua angalau unafika mahali unaishiwa karatasi.

Unauliza kwa nini nimevaa koti. Nitakuambia, kisha utanyamaza.

Kiwanda ni cha yule yule Meneja. Meneja amekufa, kamwachia mwanawe. Huyo mwana alikuwa shule ng'ambo tangu mdogo; wakati wa moto hakuwepo, wakati wa kesi hakuwepo. Amerudi na viatu vyeupe na wazo kwamba magofu yanalipa kuliko mashati. Anataka tumwite Mkurugenzi. Nilipoomba kazi ya kufagia vioo vilivyovunjika niliandika jina la ukoo wa Mama, kwa hiyo hajui mimi ni binti wa nani. Majirani wanajua, lakini wakizungumza na Mkurugenzi wanazungumzia ajira za watoto wao.

Sasa sikiliza. Mlinzi wa kwanza wa ziara alikuwa mchekeshaji, yule anayeshereheshaga harusi. Siku ya majaribio aliingia anapepesuka na chupa mfukoni. Akaweka ufunguo kwenye tundu mara ukakosa, mara ukakosa, akalia kwikwi, akafunga, akakimbia huku suruali inamdondoka. Mkurugenzi alicheka hadi machozi. Mimi nilikuwa pale na ufagio. Baba ambaye hakuwahi kuonja hata togwa iliyochacha.

Nikamfuata Mkurugenzi nikamwambia, mwanamke akivaa koti itakuwa kitu kipya, watu wataogopa zaidi. Akapenda. Kwa hiyo sasa, kila siku, Baba anasimama pale amenyooka, hajalewa, kofia imekaa sawa. Kishikizo kilichokatika kakishona Mama. Ndiyo, Mama anajua. Mama hakunguruma kama wewe. Aliuliza tu kama koti lina mfuko wa ndani.

Nina sababu nyingine, na si pesa. Siwezi kuiandika kwa mtu anayesoma barua zake kwa sauti mezani.

Na kuhusu kuuza mzazi: wewe baada ya hukumu ulipigana na nusu ya mji, ukang'oa meno ya watu, kisha ukapanda meli. Vizuri, mikono yako ilipumzika. Sisi tulibaki. Mama akienda bombani wanamwachia nafasi, si kwa heshima, ni ili wasisimame karibu naye. Wewe umekasirika tangu juzi kwa sababu ya simu ya fundi. Mimi nimekasirika bila likizo.

Ndimi mdogo wako,
Kidoti


Melini, 6 Machi

Kidoti,

Kwanza ni uongo kwamba nasoma barua zako kwa sauti. Niliisoma moja tu, ni hiyo, na ni kwa sababu fundi mitambo alisahau miwani yake. Amesema una mkono mzuri wa kuandika. Amesema pia mimi nina makosa. Nimempunguzia nyama.

Pili, hiyo ya mchekeshaji imeniuma, sitakuficha. Nikishuka nchi kavu harusi zake zitakuwa misiba. Lakini bado hukunijibu. Unasema unamsimamisha Baba amenyooka. Amenyooka afanye nini? Afunge mlango. Kila siku, mara kwa mara, mbele ya watu wanaolamba aiskrimu, Baba anafunga mlango. Hata akivaa suti anafunga mlango. Mahakama ilimhukumu mara moja, wewe unamhukumu asubuhi na jioni, na Jumapili nasikia mnafungua mapema.

Mimi nimeona sehemu kama hizo, usidhani sijui. Kuna mji walitupeleka kwenye handaki walimokufa watu, mlangoni wanauza fulana na vikombe. Nilinunua kikombe. Ndiyo, nilinunua, nilikuwa na kiu na nilikuwa mjinga. Nikakinywea chai mwaka mzima bila kufikiria kwamba huko nako kuna mtu na dada yake. Juzi nilikirusha baharini.

"Sababu nyingine." Mtu akiniambia ana sababu asiyoweza kuisema, mimi najua ni sababu isiyosemeka. Kwa hiyo nimeamua kama mkubwa wa nyumba. Nimemwandikia Mkurugenzi wako. Barua imeshaondoka bandarini. Nimejitambulisha kuwa mimi ni mtoto wa yule mlinzi, nimemweleza baba yake alikuwa mtu wa namna gani kwa maneno ambayo kamusi haina, na nimemwambia kwamba msichana aliyemvalisha koti ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo aache mara moja, la sivyo nitakuja na kisu changu cha kuchinjia papa.

Utanishukuru.

Kaka yako,
Kapteni wa Jikoni


Nyumbani, 22 Machi

Kaka,

Barua hii isome peke yako, jikoni, mlango umefungwa. Ukimaliza itie kwenye jiko. Fundi mitambo akikuuliza, mwambie umeandikiwa namna ya kupika.

Kila asubuhi mimi ndiye nachukua barua za ofisi posta. Ya kwako ilikuwa juu kabisa, na mwandiko wako kama kuku aliyekimbizwa. Niliificha chini ya khanga pale pale dirishani. Iko kwangu. Hakuisoma. Ingemfikia, ungekuwa umemmaliza Baba mara ya pili, na safari hii angefia mikononi mwa mwanawe.

Wewe unayejisifu kwamba huponyokwi na kitu. Uliniandikia maneno ya kile kibao mwenyewe, kwa herufi kubwa. Yasome tena, taratibu, hadi mwisho.

Umeona?

Ufunguo ule ule.

Baba alisema nini mahakamani? Nilikuwa mdogo lakini maneno yake nayajua kama sala. Alisema: "Nikishafunga, ufunguo naupeleka kwa Meneja. Ndiyo amri. Anaogopa nitawafungulia watoke na vitambaa. Siku ile alikwenda nao nyumbani kula. Moto ulipowaka nilikimbia kuufuata." Wakacheka. Kila mtu alimwona akikimbia, hakuna aliyejali alikuwa anakimbilia wapi. Alikimbia kupanda kilimani, kwenye nyumba za wakubwa. Akapiga geti, mbwa wakabweka, hakuna aliyemfungulia. Akarudi akawa anauliza shoka, anavuta kufuli kwa mikono. Ile mikono aliyokuwa nayo gerezani, Kaka, Mama alikuwa anamlisha. Halafu Meneja akasimama akaapa: ufunguo hakuwahi kuushika yeye, mlinzi aliutupa mtoni, alimwona darajani.

Sasa siku moja, kabla ziara hazijaanza hata kujaribiwa, Mkurugenzi alitukusanya wafanyakazi, tunakunywa chai. Akatoa leso mfukoni. Ndani ya leso, ufunguo. Mrefu, shaba, umechongwa duara juu. Anafurahi kama mtoto. Anasema kaukuta kwenye droo ya marehemu baba yake, akaenda kuujaribu kwenye kufuli, likafunguka. "Wageni watapenda," anasema. "Ni ule wenyewe." Nilitoka na ufagio wangu nikafagia nyuma ya choo hadi saa ya kazi ikaisha.

Hajui. Hakuwepo kwenye kesi, wala hajawahi kuuliza. Alichoambiwa ni kwamba mlinzi alifunga akakimbia, basi. Kaandika kwenye kibao kitu ambacho baba yake alikificha maisha yake yote, na anakikatia tiketi.

Ndiyo maana nilitaka koti. Anayevaa koti ndiye anayeshika ufunguo. Kila siku naufungua mlango huo mbele ya watu wenye simu, kwa ufunguo ambao mahakama ilisema uko chini ya maji. Mama aliuliza mfuko wa ndani kwa sababu hiyo, ili nisije nikaudondosha.

Nimekwenda kwa wakili. Ni mwanamama, haongei sana, utamwogopa. Anasema nikisimama peke yangu, ni neno la mfagiaji. Mkurugenzi ataambiwa na watu wake, ufunguo utapotea kweli, na mimi nitaitwa mwizi. Anataka Mkurugenzi mwenyewe aseme ulikotoka, mbele ya watu, akiwa mzima na ametabasamu. Tarehe 11 Mei ni kumbukumbu ya moto. Wamealikwa waandishi wa habari, hakimu wa mji, wageni wa nje, na wale wachache waliotoka hai. Mimi siwezi kumuuliza, atashangaa mfagiaji ana shauku ya nini. Lakini mgeni mwenye pesa akiuliza, anajibu hadi asichoulizwa.

Sura yako haijui. Njoo. Vaa miwani yako ya kibandarini, kata tiketi, simama na wageni. Uliza swali moja: ufunguo huu mliupata wapi? Moja, Kaka. Usisimulie dhoruba, usitishe mtu na papa. Siku zote mdomo wako umetuletea hasara, nataka siku moja utulipe.

Mdogo wako,
Kidoti


Bandarini, 8 Aprili

Kidoti,

Nimeichoma. Nilikaa kwenye gunia la viazi nikaichoma kipande kipande. Nahodha akaingia akauliza chakula kiko wapi, nikamwangalia, akatoka. Sijui aliona nini usoni mwangu lakini alikula mkate.

Niliandika kibao kile kwa mkono wangu. Nikaandika na neno mtoni kwa mkono huo huo, mistari michache chini. Sikuona. Sasa sina la kujisifia leo, kaandike kwenye kalenda.

Nataka nikuambie hasira niliyokuwa nayo zamani na niliyo nayo sasa si mtu na ndugu yake. Ile ya zamani ilikuwa ya kupiga kelele. Hii imekaa tu, kama maji yaliyokaribia kuchemka, hayatoi sauti. Alilala nao ule ufunguo. Meneja. Alikuwa anavuta droo achukue kalamu, anauona, anasukuma droo. Siku Mama alipokwenda kupiga magoti kwake amwombee Baba apate daktari gerezani, droo ilikuwa pale pale mbele yake.

Nimeomba ruhusa. Nahodha kakataa, nikamwambia nitatoroka, na ukinifunga pingu nani atakupikia, akakubali.

Ninafanya mazoezi ya swali. Nalisema mbele ya masufuria. "Samahani, ufunguo huu mliupata wapi?" Mara ya kwanza lilitoka na tusi. Mara ya pili nilianza kumweleza sufuria jinsi nilivyowahi kula na mtoto wa mfalme. Sasa limekaa.

Mwambie Mama asinipikie chochote, nitapika mimi.

Kaka yako,
Kapteni


Melini, 20 Mei

Mdogo wangu,

Tulivyoagana kituoni hatukusema kitu, na mimi si mtu wa kuondoka bila kusema kitu. Nakuandikia yale ambayo wewe ukiwa nje ya mlango hukuyaona.

Pale uani wakati Mkurugenzi anaupandisha ufunguo juu kama kombe la mpira, mkono wangu ulikataa kuinuka. Mimi, niliyebishana na polisi wa bandari nikiwa uchi. Nikamwona Mama amekaa na wale waliotoka hai, khanga kaivuta kidevuni. Ndipo nikauliza. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mwanafunzi. Na yule bwana, Mungu amsamehe, akafurahi. "Swali zuri sana." Ulimsikia mwenyewe: "Ulikuwa kwenye droo ya marehemu baba yangu. Aliutunza tangu siku ile. Mama yangu anasimulia kwamba alikuja nao mchana nyumbani kula, ukabaki mfukoni." Simu zote ziko juu, yeye anatabasamu anageuka kushoto na kulia ili kila mmoja apate picha.

Uliona uso wa hakimu. Alikuwa kama mtu aliyemeza mfupa anaogopa kukohoa. Yule bibi fundi cherehani, mwenye shavu lililokunjamana kwa moto, akakaa chini kwenye vumbi na nguo yake nzuri. Na Mkurugenzi hata hakuona. Akakurudishia ufunguo, akapiga makofi: "Haya, Mlinzi, wageni waingie." Akaingia na yeye mbele, na waandishi, na hakimu akavutwa mkono, na mimi.

Ukafunga.

Moshi wa ile mashine unanukia peremende. Vilio vya spika ni vya wazungu, nimekaa nao, nawajua wanavyolia. Watu wakaanza kuchekelea. Vilio vikaisha. Wakapiga makofi wakisubiri. Hukufungua. Wakacheka tena, kidogo. Mtu akasema "wamezidisha leo." Mkurugenzi akagonga: "Mlinzi, fungua." Akagonga kwa kiganja. "Wewe, fungua, kuna wageni humu."

Nawe kwa nje, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unayemwelekeza mtu duka: "Ufunguo kaondoka nao Meneja. Amekwenda kula."

Kidoti. Nimeishi, nimesikia bahari ikipasua chuma, sijasikia kitu kama kile. Hakuna aliyecheka tena. Mwanamke mmoja wa nje aliyekuwa na kamera akaishusha. Mkurugenzi akasema "mzaha gani huu," halafu nikaona inamfikia. Ilianzia kwenye midomo. Akamtazama hakimu, hakimu akatazama sakafu. Akaanza kuvuta ule mlango kwa mikono miwili.

Nilitaka kusimama nifurahie. Nilisafiri mbali kwa ajili ya uso ule. Lakini nikajikuta nami niko mlangoni nimemsukuma, napiga ngumi, na najua nilichokuwa naita. Natumaini ulidhani ni mtu mwingine. Kama ulijua ni mimi, basi ulisikia nikiita "Baba, fungua," na sasa ni siri ya watu wawili na fundi mitambo, maana nilikuwa nimelewa kidogo nikamwambia.

Ulifungua papo hapo. Ulinifungulia mimi, najua. Yule ungemwacha kidogo.

Nilipotoka ulikuwa unampa wakili ufunguo, na hukuinama wala kuvua kofia.

Kaka yako


Nyumbani, 9 Septemba

Shikamoo Kaka,

Hii shikamoo ni ya kweli.

Nilijua ni wewe. Hakuna mwingine anayebisha mlango kama anadai chenji.

Mahakama imefuta hukumu. Zile video zilikuwa nyingi hadi wakili alichoka kuzitazama, na mama yake Mkurugenzi, mzee yule, alipoitwa akasema kweli yote bila kulazimishwa, kama mtu aliyekuwa akisubiri aulizwe. Hakimu mwingine alisoma karatasi, haraka haraka, macho chini. Alisema marehemu hakuwa na hatia. Akasema na "usumbufu uliojitokeza." Mama akaniuliza usumbufu maana yake nini. Mikono ya Baba, ile miaka yote, bombani, wewe baharini, wameitafutia neno la foleni ya benki.

Ukumbi ulifungwa na polisi tangu siku ile, kwa kufuli lile lile. Kesi ilipoisha, karani akamkabidhi Mama ufunguo kwenye bahasha, kwa kuwa sisi ndio tuliouleta mahakamani.

Nilidhani tumemaliza. Wiki iliyofuata Mkurugenzi akaja nyumbani, kavaa vile viatu vyeupe, kaleta keki. Kaka, alilia. Sitamsingizia, alilia kweli, alisema hakujua, na namwamini. Halafu akafuta machozi akafungua kompyuta yake. Kuna kibao kipya. UKWELI WA MLINZI. Picha ya Baba juu, sijui kaipata wapi. Ziara ndefu zaidi, tiketi ghali zaidi: wageni watakimbia wenyewe kupanda kilimani hadi geti la nyumba ya baba yake, mbwa wa spika watabweka, halafu watarudi kuvuta kufuli. Ufunguo utawekwa kwenye kioo chenye taa. Anataka mimi nivae koti tena, kwa mshahara wa mkuu wa kitengo. Anasema sasa tunamheshimu Baba.

Nilinyanyuka nikamrudishia keki yake. Alisema atasubiri, na kwamba ufunguo kisheria ni mali ya kiwanda, ataandika barua rasmi. Ameiandika. Naiambatanisha.

Mama aliisikiliza nikimsomea. Akauliza: "Meneja alisema alimwona Baba yenu ameutupa kutoka upande gani wa daraja?" Nikamwambia wa kulia, ukitokea kiwandani. Akavaa viatu. Tulikwenda pamoja, tukapita bombani, wanawake wakamsalimia, hakuitikia hata mmoja. Darajani alisimama upande wa kulia. Aliutoa kwenye bahasha, bahasha akaikunja akairudisha mfukoni kwa sababu ilikuwa bado nzuri, na ufunguo akauachia. Haukupiga hata kelele.

Tukarudi akawasha jiko.

Mkurugenzi anataka jibu. Mimi nikiandika nitatukana. Andika wewe, umekuwa ukitamani kumwandikia muda mrefu. Safari hii nitaifikisha mwenyewe.

Mdogo wako,
Kidoti


Melini, 1 Oktoba

Kwa Bwana Mkurugenzi,

Mimi ni mtoto wa mlinzi. Tulionana mara moja, nilikuwa na miwani, ulisifu swali langu.

Nimepokea barua yako rasmi kupitia dada yangu. Ina muhuri na maneno mengi, nimeisoma mbele ya mabaharia wote kwa sauti, wamekusalimia kwa namna yao. Mimi sina muhuri. Nina kisu, lakini dada yangu amenikataza kukitaja.

Unaandika kwamba unataka ufunguo wa ukumbi wa cherehani, na unauliza uko wapi.

Uko mtoni, Bwana. Upande wa kulia wa daraja, ukitokea kiwandani. Nashangaa unatuuliza sisi, wakati marehemu baba yako alishaapa hivyo mahakamani. Sisi ni watu wa heshima, tusingependa kumfanya marehemu mwongo.

Picha ya Baba yangu utaishusha kabla sijafika. Nitafika.

Na kama bado unataka kuingia mle ndani, vunja mlango. Tafuta shoka. Baba yangu aliomba shoka siku ile mchana kutwa, mji mzima ulimwona, hakuna aliyempa.

Kapteni wa Jikoni